Reli Yenye Ilikuwa Kengele

Mangina, le 5 mars 2000

Kwa Muzee Zorobabel, Butembo

Muzee, ni mimi Éliakim, yule wa Luofu mwenye mulimupokea kisha kwetu kuungua, akalala miezi mine mu chumba ya mihogo. Nilifika muzima. Barrière za basoda ku barabara zilikuwa saba. Tantine Jokébed alinipokea vizuri, alinipatia jembe siku ile ile, hakuuliza hata kama nilikula.

Ulinituma niangalie kama Léontine angali. Muzee, angali.

Iko fasi ile ile ulinielezaka, nyuma ya lusine, kiwanda ya kahawa. Mais kahawa yenyewe hakuna tena, yote ilikauka na ule ugonjwa. Nyasi ilinipita kichwa. Nilikata na panga siku mbili. Kwanza niliona cheminée, bomba ya moshi, nikafikiri ni muti iliungua. Nikakata tena, nikaona jina yake ku shaba: LÉONTINE. Nilivua kofia. Sijui juu ya nini nilivua.

Nilifikiri train ni kitu kubwa sawa kanisa. Kumbe Léontine ni mufupi, batu babili bakisimama ndani kila mumoja anasikia jasho ya mwenzake. Nilifungua mulango ya fasi ya moto, mukuku ikatoka mbio inanipiga mabawa ku uso. Ndani mulikuwa mayai tisa. Nilibeba kwa Tantine, akapiga makelele: «Kumbe ni wewe mwizi! Miezi mitatu natafuta mayai yangu!» Mimi nilifika juzi tu. Nilimuambia si mimi, ni Léontine. Akaniangalia sana.

Njia ya reli nilitembea yote, kutoka lusine mupaka barabara. Reli zingine ziko chini ya majani. Zingine zilienda. Sikuuliza mutu, niliangalia tu. Moja ni kizingiti ya mulango ya Papa Manassé. Kipande ingine fundi wa majembe anapigia chuma juu yake. Na ingine, metre mbili, inatundikwa ku muti mbele ya kanisa yetu, banaigonga na nyundo siku ya Dimanche. Ndiyo kengele.

Kaswera, wewe mwenye unasomea Muzee, nisamehe maandiko. Nilifikaka troisième primaire tu, darasa ya tatu. Fasi ya makosa, hapana cheka kwa nguvu.

Kakule Éliakim


Butembo, le 19 mars 2000

Éliakim mutoto wangu,

Kaswera anaandika, mimi nasema. Macho yangu inabakia na mwangaza ya dirisha tu, hata uso ya huyu mujukuu wangu siuone tena vizuri, lakini banasema aliharibika na uzuri. (Sokulu, siandike hiyo. — Andika!)

Nilimuendesha Léontine miaka kumi na munane, tangu 1955 mupaka mwaka 73, wakati bwana wa plantation ya kahawa alirudi kwao. Hakuna mutu alimushika kisha mimi. Donc kama unataka atembee tena, unisikilize vizuri.

Hapana anza na mashini. Mashini bila reli ni sufuria. Anza na njia. Kati ya reli na reli ni soixante centimètres, makumi sita, si moja zaidi. Kata fimbo ya soixante, tembea nayo. Fasi fimbo inakatala kuingia, ao inacheza, ile ndiyo kazi yako ya siku. Traverse, zile miti za kulala chini ya reli, tafuta muti ngumu, hapana eucalyptus mubichi, itapinda. Ku kona ya muto, reli ya inje inapashwa kuwa juu kupita ya ndani, vidole mbili. Mimi niliangusha wagonet ine, vigari ya mizigo, pale mwaka 58 juu ya kidole moja. Boulon za kukaza reli zenye zilikamata kutu, hapana piga nyundo. Pakaa mawese ya moto, ngoja siku tatu, zungusha sawa mutu anafungua mukono ya mutoto analala.

Kisha njia, ndipo umuangalie Léontine. Uniambie kama angali anapumua.

Zorobabel

(Ni mimi Kaswera. Sokulu ameenda kujinyoosha. Nikuambie kitu: hakuli. Vijiko tatu ya bugali, anasukuma sahani. Siku barua yako ilifika alikula yote na akalomba ingine. Donc andika. Maandiko sikucheka. Nilicheka mukuku.)


Mangina, le 14 mai 2000

Kwa Muzee Zorobabel,

Nilikawiya kuandika juu ya kazi. Fimbo ya soixante nalala nayo karibu ya kitanda, Tantine anasema nitaioa.

Tuko bane: mimi na vijana batatu ba chorale. Mwanzo batu balicheka. Balisema yule mukimbizi ya Luofu anatengeneza njia ya kwenda wapi? Mimi sijuake kujibu batu. Nilichimba tu. Kisha bamama balitokea na mihogo ku kichwa, nikapanga wagonet moja ku fasi yenye ilishapona, balitia mifuko kumi na mbili, mama mumoja akasukuma na mukono moja. Akasukuma tena na kidole. Kutoka siku ile batu balianza kuleta boulon, ingine ilikuwa chini ya kitanda tangu wakati ya Mobutu.

Papa Manassé alikatala kizingiti yake. Alisema: «Nyumba ikianguka juu ya bibi yangu, utanipatia bibi mwengine?» Bibi yake akajibu toka jikoni: «Mupatie reli! Mimi ndiye namubebeaka mihogo!» Tulibadilisha kizingiti na muti ya libuyu, nyumba ingali inasimama, bibi pia.

Inabakia fasi moja, ku kona ya muto, reli ya ndani, metre mbili. Hakuna kipande ingine ya vile isipokuwa kengele. Nilienda kwa Pasteur Siméon mara tatu, mara mbili nilirudia ku mulango. Mara ya tatu bibi yake alinisukuma ndani. Pasteur akafikiri, akasema: «Kengele ni ya Mungu siku ya Dimanche. Lundi mupaka Samedi, Mungu anaweza kutuazimisha.» Donc tunapatana hivi: Lundi asubui tunashusha kengele, tunaifunga na boulon ine ku kona. Samedi mangaribi tunaifungua, inapanda ku muti tena. Siku ya Dimanche njia inalala.

Muzee, na Léontine. Tulimusafisha, tukamutia maji ya muto, na kuni ya kukauka. Alipumua. Alitembea mupaka ku kona na kurudi. Akitoka lusine alilia filimbi mara mbili, sawa ulitusimuliaka mu parcelle, pale kwenu, mara mbili ya kuaga. Batu bote balipiga mikono.

Kula vizuri, Muzee.

Kakule Éliakim


Butembo, le 2 juin 2000

Éliakim,

Leo naandika mimi peke yangu, juu Sokulu ameenda kwa muchonga-ndevu. Unasikia? Kwa muchonga-ndevu!

Nilimusomea barua yako. Fasi ya Papa Manassé alitabasamu. Fasi ya kengele akasema «ah, Pasteur ni mutu». Fasi ya filimbi, akaanza kucheka. Alicheka mupaka machozi, mupaka nikamushika mugongo. Nikamuuliza: Sokulu, ni nini? Akasema: «Mara mbili! Kaswera, soma tena fasi ile.» Nilisoma mara ine. Siku ile alikula bugali yote, na sombe, na mabakisho ya kwangu.

Sasa anasema anakuya. Hapana mambo ya labda. Camion ya kanisa inapandaka Beni mupaka Mangina kila mwezi, dereva ni mwenzake wa zamani. Nilimuambia barabara ni mubaya, basoda bako kila fasi. Akaniambia yeye aliendesha wakati ya Wabelge, ya Mulele, ya Mobutu, haogope hawa batoto. Alinituma nivute sanduku yake chini ya kitanda. Akatosha koti yake ya kazi. Kitu ingine alitosha pia, ilifungwa mu kitambaa, mais hakuniacha niione.

Anangojea barabara ifunguke tu.

Mimi sijui nikuambie nini. Wewe na ile chuma yako mumenirudishia Sokulu. Wasingya, asante.

Kaswera


Mangina, le 18 juin 2000

Kaswera,

Barua hii hapana soma kwa sauti. Natuma kwa mukono ya mama wa kuuza mawese, ndani ya bidon yake ya mafuta yenye ilikauka, juu isifike kwa Muzee.

Nilisema bongo, si kweli.

Njia ni kweli, yote, na kengele ni kweli, na Papa Manassé. Mais Léontine hakupumua. Chini ya tumbo yake muko tundu, ngumi yangu inaingia mupaka fasi ya moto. Ni kutu ao ni risasi, sijui. Maji yenye tulitia ilitoka yote mu viatu yangu. Mukuku alisharudi mu fasi ya moto. Nilikaa pale nikafikiri vijiko tatu. Nikasema nikiandika «hapumue» atasukuma sahani. Kalamu ikaandika yenyewe. Filimbi nilitia juu nilikumbuka namna alikuwa anasimulia, anainua vidole mbili.

Sasa anakuya. Atagusa Léontine, atajua. Mutu wa kwanza mwenye aliniachia kazi ya maana, na mimi nimemudanganya mu uso, na yeye hana macho. Muzuie. Sema barabara ilifungwa. Sema mimi ni mugonjwa, sema nilikufa.

Na kitu ingine, juu nimeshaanza kusema. Pale kwenu, mangaribi, Sokulu wako akisimulia train, wewe ulikuwa unashona, muguu yako ku mashini, taka-taka-taka. Bote balifikiri nasikiliza train. Nilikuwa nasikiliza mambo mbili.

Éliakim


Butembo, le 21 août 2000

Éliakim,

Bidon yako ilifika jana. JANA. Mama wa mawese alikwama Beni miezi mbili, barabara ilifungwa kama unavyojua. Sijui kama wewe uko muzima kisha vita ya mwezi wa saba kule kwenu. Naandika sawa uko muzima. Ukiwa umekufa nitakasirika zaidi.

Sokulu alishatoka. Samedi asubui, na camion ya kanisa. Ni mimi nilimuvalisha ile koti, nilimufunga viatu, nilimuwekea mayai ya kupikwa mu mufuko. Alikuwa anaimba. Kama ningekuwa na bidon yako siku moja mbele!

Hapana kimbia. Nakujua, wewe mutu ukisikia haya unaenda kukata kuni mu pori siku tatu. Ukimuacha peke yake mbele ya ile chuma, hapana niandikia tena. Umuambie kweli na kinywa yako. Hata kama sauti haitoke, umushike mukono, ataelewa.

Nimesoma pia ile mambo ya mwisho. Sasa niko na hasira, sitajibu.

Kaswera


Mangina, le 22 août 2000

Kaswera,

Sokulu yako iko hapa, muzima, anakula muhindi ya kuchoma. Nakuambia mbele ya yote juu usiogope. Sisi pia tuko bazima. Mwezi wa saba tulilala mu pori siku makumi mbili, tulirudi, tukakuta mbuzi zilienda, mais reli hakuna mutu alibeba, ni uzito.

Sikujua kama bidon ilikufikia. Kila camion ikilia ku barabara, nilikuwa naenda kuangalia nani anashuka.

Alifika Dimanche. Siku moja tu ya juma njia haiko njia, ndipo alifika. Tulikuwa mu kanisa, Pasteur Siméon alikuwa katikati ya mahubiri. Nikasikia camion, nikaangalia ku dirisha: koti ya bleu, fimbo, kofia. Dereva anamushusha sawa yai. Nilitaka kutokea mulango ya nyuma. Tantine Jokébed alinishika shati, hakujua kitu, alisema tu: «Mugeni wako.»

Nilimusalimia. Alishika uso yangu na mikono mbili, akasema: «Umekonda. Niongoze kwa bibi yangu.»

Tulienda ku lusine, na nyuma yetu batu balianza kutoka kanisani mumoja mumoja, kisha chorale, kisha Pasteur mwenyewe na Biblia yake. Nilitaka kumuambia ku njia. Nilisema «Muzee», akasema «mm», nikasema «Muzee» tena, akasema «angalia fasi unakanyaga».

Aligusa Léontine kuanzia ku jina. Alipita herufi zote na kidole. Akashuka polepole, ku magurudumu, ku tumbo. Akapata tundu. Mukono iliingia mupaka kiwiko. Batu balijua bote, balikuwa bananiangalia mimi. Akatafuta ndani, akatosha mukono, na mu mukono muko yai.

Akaiinua juu ya batu bote baone. Akasema kwa sauti kubwa: «Anapumua vizuri. Mais sasa ni muzazi, tumuache apumzike. Nipatieni wagonet.»

Batu balicheka mupaka Papa Manassé akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilisema: «Muzee, njia imekatika ku kona. Leo ni Dimanche, reli iko kengele.»

Pasteur Siméon alifunga Biblia. Akasema: «Batu bote bako hapa. Kengele itaita nani tena?» Akarudi kanisani mbio, na viatu yake ya Dimanche, akapanda kiti, akaifungua yeye mwenyewe. Chorale ikaibeba ku bega sawa banabeba maiti, mais banaimba nyimbo ya ndoa. Nilifunga boulon ine. Moja ilianguka mu majani, bibi ya Papa Manassé akaipata na muguu.

Tulimuketisha mbele ya wagonet juu ya mufuko ya mupunga. Hatukumuonyesha frein ya kusimamisha iko wapi. Mukono yake ilienda yenyewe. Tulisukuma, mimi nyuma yake karibu. Kutoka lusine alikuwa anasema kwa sauti kidogo, nilifikiri anaomba. Nikainama. Alikuwa anahesabu. Kila reli inakamatana na ingine, wagonet inasema tak, na yeye anahesabu tak. Mbele ya kona akavuta frein kidogo, hatukumuambia kona iko hapo. Juu ya kengele wagonet ilipita na sauti ingine kabisa, ya kulia lia, na akatabasamu: «Hii ndiyo ya Mungu.»

Ku barabara akasimamisha. Batu bakapiga mikono. Akaniita kwa kidole, nikaweka sikio. Akafungua ile kitambaa yenye ulisema. Kaswera, ni filimbi. Ya shaba, nzito sawa mutoto wa siku ya kwanza. Akaniambia ku sikio, mutu mwengine hakusikia:

«Hii niliitosha ku kichwa ya Léontine mwaka 73, juu asilie mu mikono ya mwengine. Miaka makumi mbili na saba iko chini ya kitanda yangu. Sasa wewe, kijana, ulisikia nini, mara mbili?»

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilisema: «Nilisema bongo, Muzee. Ulikuwa hauli.» Ile sauti ilitoka, sijui toka wapi.

Akasema: «Nilijua tangu Kaswera alisoma. Nilicheka juu sikuwa nimecheka tangu mama ya Kaswera kufa. Kama uliniandikia tundu, ningebakia pale na vijiko zangu. Mais hapana rudia. Nilihesabu tak zote. Njia uliniambia kweli. Ni juu ya ile njia nimekuya.»

Kisha akatia filimbi ku kinywa yake, akapuliza na nguvu zote. Ilitoka kasauti kadogo, sawa mutoto wa mbuzi anatafuta mama yake. Akapumzika, akapuliza tena.

Mara mbili. Donc sasa si bongo tena.

Éliakim

Nilisahau: anasema harudi. Anasema tundu inafungwa na bamba ya fût, pipa ya mafuta, atanifundisha, kazi ya miaka mbili. Iko na miaka makumi munane, na anapanga miaka mbili! Analomba blanketi yake.


Butembo, le 3 septembre 2000

Éliakim,

Nilisoma barua yako mara ine, na hakuna mutu wa kunisikiliza mu nyumba, donc nilisomea mashini ya kushona. Nililia ku fasi ya yai. Nilicheka pia ku fasi ya yai.

Blanketi siitume na mutu. Batu banapoteza vitu. Nitaileta mimi mwenyewe, na dawa yake, na mashini ya kushona juu sijui nitakaa siku ngapi. Camion inatoka katikati ya mwezi. Siku sijui, ni dereva na barrière banajua.

Mbele nipande camion, unijibu kitu moja. Ulisema bongo ku barua ya mwezi wa tano. Ku ile ya bidon, ile mambo ya kusikiliza mambo mbili, ilikuwa nini?

Kaswera


Mangina, le 9 septembre 2000

Kaswera,

Ile ilikuwa kweli.

Sokulu yako anakaa karibu yangu, aliniuliza naandika nini murefu hivi. Nilimuambia maneno tatu. Akasema inatosha.

Nilisafisha chumba. Nilipima na fimbo fasi ya kutia mashini yako, karibu ya dirisha, inaingia. Wagonet nitaiweka ku barabara kila siku kuanzia tarehe kumi na tano, juu usibebe kitu ku kichwa.

Na ukifika Dimanche, hapana ogopa. Tutashusha kengele.

Éliakim